Ubepari wageuka somo, lakini ni nani hulipia watafiti wake?

Mnamo Novemba 2008, wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika jijini New York na kuyumbisha uchumi wa dunia nzima, Malkia Elizabeth wa Uingereza alizuru chuo cha London School of Economics na kuwauliza wasomi waliompokea swali moja jepesi: iweje hakuna aliyeuona msukosuko huo ukija?

Hakupata jibu la kuridhisha siku hiyo. Mwaka uliofuata kundi la wasomi lilimwandikia barua ya kujieleza, na miongoni mwa waliyokiri ni kwamba watu wengi wenye akili nyingi walikuwa wakishughulika kila mmoja na kipande chake, huku hatari iliyoukabili mfumo mzima ikikosa wa kuitazama.

Ni katika pengo hilo ambapo vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vilianza kufungua vituo, kuandaa semina na, muhimu zaidi, kutoa nafasi za ufadhili kwa wasomi wanaotaka kuuchunguza ubepari wenyewe: ulikotoka, unavyofanya kazi, nani humiliki na nani hutumika. Huenda msomaji wa Nairobi au Mombasa akadhani hayo ni mambo ya Wamarekani. Hata hivyo, Kenya iliwahi kuwa uwanja wa mojawapo ya mijadala mikali kabisa ya kitaaluma kuhusu ubepari barani Afrika, na namna mjadala huo ulivyogharamiwa kisha ukafifia inatosha kumfanya mtu atake kujua nafasi hizi ni za aina gani.

Analipwa ili asifundishe

Wakenya wengi wanajua basari na ufadhili wa masomo, yaani fedha za kumlipia mwanafunzi karo na malazi hadi apate shahada. Nafasi ya utafiti ni kitu kingine. Anayeipata kwa kawaida ana shahada ya uzamifu au yu karibu kuikamilisha. Halipiwi ili afundishwe. Aghalabu hulipwa ili apumzishwe kazi ya kufundisha.

Kwa mwaka mmoja, pengine miwili, hupewa posho ya kujikimu, afisi, kibali cha kutumia maktaba na kiti katika semina ambamo huwasilisha sura ya kitabu anachokiandika, nao wenzake wakaichambua bila huruma. Mwisho wa muda huo hatahiniwi. Kinachotarajiwa ni kitabu au makala, navyo vyaweza kuchukua miaka mingine mitatu au minne kabla ya kuchapishwa.

Kwa mtazamo wa mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini, hiyo ni anasa. Lakini historia ya uchumi haiandikwi jioni baada ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi 300. Anayetaka kujua jinsi kampuni fulani ya chai ilivyoipata ardhi yake sharti asome barua za mameneja, daftari za hesabu, hati za umiliki na kumbukumbu za mahakama, na mara nyingi vitu hivyo havipatikani katika mji mmoja. Hifadhi za nyaraka nazo hufunguliwa saa za afisi tu. Anayefundisha saa hizo hawezi kuwa huko.

Nyingi za fedha hizo hutokana na mfuko wa kudumu wa chuo, utaratibu ambao watu wa Pwani wataujua mara moja. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeitia nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa hakukusudia iuzwe. Alikusudia kodi yake itumike kizazi baada ya kizazi. Chuo Kikuu cha Harvard hufanya vivyo hivyo kwa hisa, dhamana na mali nyinginezo, ila mfuko wake ulikuwa umepita dola bilioni 50 kufikia 2024. Kila mwaka sehemu ndogo tu ya mfuko hutumika, na mtaji hulindwa usipungue. Kwa hivyo, msomi anayeuchunguza ubepari katika chuo cha namna hiyo hulishwa, kwa maana halisi kabisa ya neno, na faida ya mtaji.

Urithi wa Heilbroner

Mfano unaoeleza mengi ni wa New School, chuo cha New York chenye historia ya kipekee. Kilianzishwa 1919 na wasomi ambao baadhi yao walikuwa wameona kwa macho yao bei ya kusema wasichotakiwa kusema. Mmoja wao, mwanahistoria Charles Beard, alikuwa amejiuzulu kutoka Chuo Kikuu cha Columbia mnamo 1917 baada ya wenzake kufutwa kazi kwa kupinga Marekani kuingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Mnamo 1933, mkuu wa chuo hicho, Alvin Johnson, alichangisha fedha, zikiwemo za mfanyabiashara Hiram Halle na za Wakfu wa Rockefeller, ili kuwaajiri wasomi waliotimuliwa vyuoni Ujerumani na utawala wa Hitler. Hizo nazo zilikuwa nafasi za ufadhili, ingawa kwa aliyezikosa hasara haikuwa kitabu kuchelewa kuandikwa.

Miongoni mwa wakimbizi wa utawala huo waliofika New School ni mwanauchumi Adolph Lowe, na miongoni mwa waliokaa darasani mwake ni kijana wa New York aliyeitwa Robert Heilbroner. Mnamo 1953, miaka kumi kabla ya kupata shahada yake ya uzamifu, Heilbroner alichapisha The Worldly Philosophers, kitabu kuhusu maisha na mawazo ya wanauchumi wakuu tangu Adam Smith, ambacho kimeuzwa mamilioni ya nakala. Alishikilia maisha yake yote kuwa uchumi si hesabu pekee, bali ni utaratibu wa kijamii wenye historia. Hata hivyo, mnamo 1989, mtu huyu wa mrengo wa kushoto aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba shindano baina ya ubepari na usoshalisti limekwisha, na ubepari umeshinda. Aliaga dunia 2005, miaka mitatu kabla ya mshindi huyo kuanguka kifudifudi na kuinuliwa kwa fedha za walipa ushuru.

Kituo cha taaluma ya ubepari cha New School kilipewa jina lake. Mnamo 2014, mwanahistoria Julia Ott na mwanauchumi William Milberg walitoa ilani ya kuutetea mwelekeo huo. Hoja yao ilikuwa kwamba ubepari umekuwa mkubwa mno kuachiwa idara moja, na kwamba wanahistoria, wanauchumi, wanasosholojia na wanaanthropolojia hawana budi kukaa meza moja. Kituo kiliwapa wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa chuo hicho nafasi za kufanya utafiti wa aina hiyo. Hazikuwa fedha nyingi, kwani New School haijawahi kuhesabiwa miongoni mwa vyuo tajiri vya Marekani.

Harvard ilikuwa na desturi ya zamani zaidi, ila iliuingia ubepari kwa mlango mwingine. Shule yake ya biashara iliunda nafasi ya uprofesa wa historia ya biashara mnamo 1927 na kumkabidhi N.S.B. Gras. Shule hiyo hiyo imekuwa ikitoa ufadhili wa miezi 12, kwa ushirikiano na chama kilichojiita kwa jina la Thomas Newcomen, yule fundi Mwingereza aliyebuni pampu ya mvuke mapema katika karne ya 18. Unawalenga walio na shahada ya uzamifu ambao wanataka kuzama katika historia ya kampuni na biashara.

Tofauti baina ya milango hiyo miwili si ya maneno tu. Historia ya biashara huanzia ndani ya kampuni na kuuliza imefaulu vipi. Taaluma mpya ya ubepari huuliza pia nani alilima, kwa ujira gani, juu ya ardhi iliyokuwa ya nani. Kitabu cha Sven Beckert wa Harvard, Empire of Cotton, kilichotoka 2014 na kutuzwa Tuzo ya Bancroft mwaka uliofuata, kinaufuata uzi wa pamba kutoka kwa watumwa wa Mississippi hadi viwanda vya Uingereza, kisha India, Misri na hata Togo, ambako Wajerumani walileta wataalamu Weusi kutoka Tuskegee, Alabama, kuwafundisha wenyeji kilimo cha pamba ya kuuza nje. Kazi ya upana huo haiwezekani bila watu na taasisi za kuigharamia kwa miaka mingi.

Mkono mtupu haulambwi

Hapo ndipo penye utata, kwani wenye fedha za kugharamia wana maoni yao kuhusu ubepari.

Benki ya BB&T ya North Carolina, wakati ikiongozwa na John Allison, ilivipa vyuo vingi vya Marekani ruzuku za kufundisha misingi ya kimaadili ya ubepari, mara nyingi kwa makubaliano kwamba riwaya ya Ayn Rand, Atlas Shrugged, isomwe darasani. Mnamo 2008, Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kilikubali dola milioni 1.5 kutoka kwa wakfu wa bwanyenye Charles Koch. Mwaka 2011 ilifichuka kuwa mkataba huo uliipa kamati iliyoidhinishwa na mfadhili sauti katika kuwachuja walimu ambao wangeajiriwa kwa fedha hizo. Kelele zilizozuka zilisikika nchi nzima.

Upande wa pili nao si maskini. George Soros, aliyejipatia utajiri kwa biashara ya sarafu, aliahidi dola milioni 50 mnamo 2009 kuanzisha taasisi ya fikra mpya za kiuchumi. Mnamo 2022, Wakfu wa Hewlett, ambao chimbuko lake ni kampuni ya kompyuta, na mtandao wa Omidyar wa mwanzilishi wa eBay, vilitangaza zaidi ya dola milioni 40 kwa vyuo kama Harvard, MIT, Johns Hopkins na Howard ili vitafute mbadala wa uliberali mamboleo. Mafuta ya petroli, mabenki, kompyuta na minada ya mtandaoni: hao ndio wanaolipia ukosoaji wa ubepari na utetezi wake pia.

Ni nadra mfadhili kumwamuru msomi aandike nini, na wasomi wengi wangekataa katakata. Uteuzi hufanyika mapema zaidi, pale kamati inapoamua ni swali lipi linastahili mshahara wa mwaka mzima na ni lipi lingoje.

Kenya ilipokuwa swali lenyewe

Neno bepari lina safari yake. Lilifika Pwani likitoka lugha za Bara Hindi, likimaanisha mfanyabiashara tu, hasa Mhindi mwenye duka au ghala. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, aliyoichapisha 1969, aliiita Mabepari wa Venisi, naye wakati huo alikuwa akiongoza nchi iliyoutangaza ubepari kuwa adui katika Azimio la Arusha la 1967. Kufikia hapo mwenye duka alikuwa amegeuka mnyonyaji.

Kenya ilichagua njia nyingine, ingawa haikuitaja kwa jina. Waraka Nambari 10 wa 1965 uliitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, lakini mwanauchumi kijana, Barack Obama, babake aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua mwaka huo huo katika jarida la East Africa Journal. Alihoji, pamoja na mengine, kama mpango huo ungeweza kuondoa tofauti za umiliki ambazo uhuru ulizikuta.

Mjadala mkubwa ulifuata. Colin Leys, msomi Mwingereza aliyefanya utafiti wake Nairobi, alichapisha mnamo 1975 kitabu kilichodai kuwa matajiri wapya Waafrika walikuwa wasaidizi tu wa mtaji wa kigeni, na kwamba uchumi tegemezi wa namna hiyo haungefika mbali. Nicola Swainson alienda kupekua kumbukumbu za kampuni zilizosajiliwa nchini, akaona picha tofauti: Wakenya waliokuwa wakihama kutoka biashara ya rejareja na mashamba hadi viwanda. Mnamo 1978, Leys alifanya jambo ambalo wasomi hulifanya kwa nadra. Alikiri hadharani kwamba alikosea, na kwamba tabaka la mabepari wa Kenya lilikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Raphael Kaplinsky akamjibu 1980 kwamba alikuwa sahihi mara ya kwanza. Wanafunzi wa siasa za uchumi kote duniani wangali wanausoma mvutano huo.

Wakenya hawakukaa pembeni. Apollo Njonjo aliandika tasnifu kuhusu jinsi mashamba ya walowezi yalivyoingia mikononi mwa Waafrika, na Peter Anyang' Nyong'o, ambaye baadaye alikuwa waziri kisha gavana wa Kisumu, alikuwa sauti nzito katika mjadala huo. Lakini Njonjo aliiandikia tasnifu hiyo Princeton, na Nyong'o alisomea shahada yake Chicago. Hata Mkenya aliyetaka kuiandika Kenya alilazimika kwanza kwenda kwenye fedha.

Nyumbani, milango ilikuwa ikifungwa. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa wa vyuo vya umma walikamatwa na kuzuiliwa kwa sababu ya fikra zao. Mmoja alikuwa Al-Amin Mazrui, ambaye tamthilia yake ya Kilio cha Haki inahusu wafanyakazi wa shamba na mapambano yao na mwajiri, suala ambalo ni la ubepari mtupu hata kama halikuandikwa kwa jedwali na takwimu. Alipoachiliwa, taaluma yake aliiendeleza Marekani. Marekebisho ya kiuchumi ya miaka ya themanini na tisini yakamalizia kazi: bajeti za vyuo zilipunguzwa, mishahara ikapoteza thamani, na wahadhiri wakageukia kazi za ushauri kwa mashirika ya misaada, ambayo hulipa ripoti ya miezi mitatu wala si kitabu cha miaka mitano.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuazimia asilimia mbili ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijafikiwa. Mnamo 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kwa wiki saba, wakidai malimbikizo ya mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Mtu anayedai mshahara wa miaka minane iliyopita hana nafasi ya kuulizia mwaka wa kuandika.

Swali la M-Pesa

Gharama ya hali hiyo huonekana vizuri katika mfano mmoja. Safaricom ilizindua M-Pesa mnamo Machi 2007, na tangu hapo Kenya imerudi kuwa mfano unaotajwa katika kila mkutano wa dunia kuhusu fedha na umaskini. Mnamo 2016, Tavneet Suri, mwanauchumi Mkenya aliye MIT, pamoja na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliokadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa familia 194,000, takriban asilimia mbili ya familia zote za Kenya, katika umaskini. Takwimu hiyo ilinukuliwa kila mahali.

Miaka mitatu baadaye, Milford Bateman, Maren Duvendack na Nicholas Loubere waliipinga vikali. Walisema utafiti huo uliacha nje mambo mazito, yakiwemo biashara ndogo zinazokufa, madeni yanayowaelemea watumiaji, na faida inayowaendea wenye hisa nje ya nchi.

Nani ana haki katika mabishano hayo si jambo la kuamuliwa hapa. Linalodhihirika ni kwamba pande zote mbili zilifanyia kazi vyuo vya ng'ambo. Suri amekulia utamaduni wa nchi hii na anaifahamu kuliko wengi, lakini muda na vifaa vya kuwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka vilitoka kwenye nafasi yake huko Marekani. Maswali ambayo yangemsumbua mhadhiri wa Maseno au Kilifi, kama vile wakala wa M-Pesa hubaki na nini baada ya kulipa kodi ya kibanda na mshahara wa msichana anayemwachia duka, hayana kamati ya kuyachagua.

Si kwamba bara hili halijajaribu. Baraza la utafiti wa sayansi za jamii, CODESRIA, liliundwa Dakar mnamo 1973 na Samir Amin, kisha likaongozwa kwa miaka mingi na Mkenya, Abdalla Bujra. Limewapa vijana wa Kiafrika ruzuku za tasnifu na mahali pa kubishana wao kwa wao. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake imetoka kwa wafadhili wa Ulaya na Marekani. Kuanzia 2011, baraza la sayansi za jamii la Marekani liliendesha mpango wa ufadhili wa uzamifu kwa wahadhiri wa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa fedha za Wakfu wa Carnegie, ambao mtaji wake wa kwanza ulitokana na chuma cha pua cha Pittsburgh.

Kwa Mkenya anayetaka kuziomba nafasi za namna hii, kinachoamua mara nyingi ni pendekezo la kurasa chache linaloonyesha nyaraka zipi zitasomwa, ziko wapi na kwa nini hazijasomwa. Barua za mapendekezo na sura moja iliyokamilika huambatishwa. Kwa upande wa nyaraka, Mkenya ana hazina karibu: katika jengo la Barabara ya Moi, Nairobi, lililowahi kuwa benki, Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka imeweka faili za wakoloni kuhusu kahawa, ajira, mikopo na mashamba. Mgeni anayekuja kuzisoma hutakiwa kuwa na leseni ya tume ya NACOSTI na taasisi ya humu nchini ya kumdhamini, na kazi hiyo ya udhamini humwangukia mhadhiri ambaye mwenyewe angependa kukaa humo mwezi mzima, lakini ana darasa saa nane.